Mlango wa Chumba cha Sindano

Ña Obdulia Cabañas, yaani Bi Obdulia, alikuwa muuza nyama, na hakuwa mtu wa kubembeleza mteja. Ukimwambia nyama yake ina mafuta mengi, alikutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akakuuliza, "Na hayo yako umeyapata kwa kula mchicha?" Soko zima lilicheka, ukacheka na wewe, ukanunua. Watu walimpenda kwa sababu hakupunja mizani, na walimwogopa kwa sababu mdomo wake haukuwa na kufuli. Mumewe, Cirilo, alikwenda Buenos Aires kujenga maghorofa ya watu, akawa anarudi kila Krismasi na zawadi mkono huu na visingizio mkono ule. Obdulia hakumlilia. Alinoa kisu, akapanga mbavu na maini juu ya meza ya zege, maisha yakaenda.

Kisha Nimia, mwanawe wa pekee, akaanza kutoka madoa ya zambarau mwilini. Kwanza miguuni, halafu mikononi, halafu mgongoni. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba yule mama wa kisu anampiga mtoto. Obdulia hakugombana nao. Alimbeba Nimia hadi hospitali ya watoto, na huko wakamwambia ni saratani ya damu, kwamba inatibika, lakini kwa safari ndefu. Mtoto alikuwa na miaka sita. Usiniulize Obdulia alilia au hakulia, kwa sababu hakuna aliyemwona.

Dawa nyingi ziliingia kwa mshipa wa mkono, wodini, mama ameketi pembeni. Hizo walizizoea. Lakini ugonjwa ule hupenda kujificha kwenye maji ya uti wa mgongo, na huko hufuatwa kwa sindano ndefu inayochomwa katikati ya pingili za mgongo, mtoto akiwa amelazwa ubavu, amejikunja, magoti kidevuni. Kazi hiyo ilifanywa katika chumba kidogo mwisho wa ukumbi, chenye mlango wa kijani uliochorwa tembo anayecheka. Wazazi wote wa ukumbi ule walimchukia tembo yule. Watoto wao walilia nyuma yake, naye akawa anacheka tu.

Mwenye chumba alikuwa Sista Zunilda Benegas, muuguzi mfupi, mnene, wa sauti kama ya mpiga debe. Kila asubuhi ya sindano alisimama kwenye ukumbi akapaza, "Wamama, nje! Wamama, nje!" Hakuna aliyekuwa na jina. Hata wababa waliitwa wamama, wakatoka nje.

Siku ya kwanza ya Nimia, Obdulia alikaa nyuma ya mlango ule akisikia mtoto wake anapiga mayowe. Akagonga. Akagonga tena kwa ngumi. Zunilda akachungulia.

"We mama, una nini?"

"Nataka kuingia. Ananiita, humsikii?"

"Namsikia. Ukiingia utazimia, na mimi leo nina mgonjwa mmoja humu, sitaki wawili."

"Nizimie mimi? Sista, mimi muuza nyama. Nimezaliwa na damu kwenye kucha."

"Damu ya ng'ombe," alisema Zunilda, akafunga.

Lakini si mlango uliomchoma. Kilichomchoma ni usiku ule... hapana, ilikuwa jioni tu, jua bado liko dirishani, Nimia alipozinduka kutoka kwenye kilio chake, macho yamevimba, akamuuliza kwa utulivu kama mtu mzima, "Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale nje, mwanangu. Mlangoni."

"Mbona nilikuita hukuja?"

Hebu wewe uliye na mtoto, mjibu. Obdulia alimfunika shuka, akaapa kimoyomoyo kwamba hata ikibidi wang'oe bawaba, mtoto huyu hatachomwa tena sindano ya mgongo akiita mtu asiyekuja.

Sasa, wakati huohuo mkurugenzi wa hospitali, Daktari Rolón, alikuwa ametoka kwenye mkutano ng'ambo na maneno mapya. Alisema hospitali za kisasa haziwatibu watoto bila wazazi, zinashirikiana nao. Akaunda Kamati ya Wazazi. Akatafuta wazazi wenye kusema, na mtu akimtafuta mwenye kusema kwenye ukumbi ule, atafika kwa Obdulia tu. Wakamteua. Wakamteua pia Rumildo, kijana mwashi aliyekuwa na mtoto wa miaka mitatu aitwaye Derlis, mpole kiasi kwamba ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Na akina mama wengine kadhaa.

Mkutano ulifanyika juu, kwenye chumba chenye kipoza hewa kinachogandisha mifupa, meza inang'aa, kahawa na biskuti. Daktari Rolón aliongea vizuri sana. Kisha akafungua ajenda. Ya kwanza, rangi za kuta za wodi. Ya pili, nani atachemsha chokoleti Siku ya Watoto. Ya tatu, picha ya pamoja.

"Daktari," alisema Obdulia, "rangi ni nzuri. Na mlango?"

"Mlango upi, mama?"

"Wa tembo. Tunataka kuingia na watoto wetu kwenye sindano."

Daktari Rolón akatabasamu kama watu wanavyomtabasamia mtoto aliyetaja neno kubwa. "Ahaa. Hayo ni mambo ya kitabibu, Ña Obdulia. Hayahusu kamati hii."

"Kamati hii inahusu nini?"

"Kushirikiana."

"Kwenye rangi."

"Kwa kuanzia."

Obdulia akarudisha biskuti kwenye sahani. Alikuwa ameshaiuma. "Daktari, kwetu hata fundi wa rangi anapatana na mwenye nyumba kabla ya kupanda ngazi. Ninyi mmetupandisha ngazi bure. Mkimtaka mzazi, sisi tuko chini, kwenye ukumbi. Kiti cha plastiki hatuwanyimi." Akainuka. Rumildo naye akainuka, uso mwekundu, akamwomba mkurugenzi radhi, akatoka nyuma yake. Wengine wakafuata. Chumba kikabaki na kahawa yake.

Watu walimwambia Obdulia amejichongea. "Watamfukuza mtoto wako," alisema mama mmoja kwa hofu. "Wamfukuze wapi?" akajibu. "Sokoni?" Lakini nakwambia ukweli, aliogopa. Ukiwa na mtoto kwenye kitanda cha mtu, kila neno kali unalosema unalipima mara mbili. Alilipima, akalisema.

Mkutano uliofuata hakwenda hata mzazi mmoja. Daktari Rolón alisubiri na ajenda zake. Ilipobainika haji mtu, akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa koti jeupe namna ile: alishuka. Aliwakuta wazazi wameketi kwa duara mwisho wa ukumbi, joto la Januari limewakaba, wanapokezana kikombe cha pembe chenye tereré, kinywaji cha majani machungu na maji ya barafu. Rumildo ndiye aliyekuwa akimimina. Mkurugenzi akavuta kiti cha plastiki. Kikombe kikamfikia, akanywa, akakirudisha, akasema, "Asante."

Wote wakacheka. Kwenye duara hilo, ukisema asante umeshatosheka, hupewi tena. Yeye mwenyewe alilijua hilo tangu utotoni, ila nadhani ile ghorofa ya juu ilikuwa imemsahaulisha.

"Umemaliza, Daktari?" aliuliza Obdulia. "Hata hatujaanza."

Akacheka naye, masikio yamewiva. "Nimiminie tena, basi. Na mniambie."

Wakamwambia. Si Obdulia peke yake, kila mtu kikombe kilipomfikia. Mmoja alisema mwanawe alianza kujikojolea kila akiona rangi ya kijani. Mwingine alisema madaktari wanaposimama kitandani wanaongea Kihispania chao cha shuleni juu ya kichwa chake, na yeye wa Kiguarani, lugha ya nyumbani, anabaki kuangalia midomo. Rumildo alisema tu kwamba Derlis hamkumbatii siku za sindano. Mkurugenzi akaagiza Zunilda aitwe.

Zunilda alikuja amefunga mikono kifuani. "Wamama wanazimia," alisema. "Wanapiga kelele. Wanamvuta daktari mkono. Wanaingia na vijidudu vya barabarani. Akikosea mmoja, mtoto ndiye anayelipa, sio mimi, sio Daktari Rolón."

"Nijaribu mimi," alisema Obdulia.

Wakabishana hadi barafu ikayeyuka. Mwisho mkurugenzi akakata shauri: Obdulia ataingia sindano ijayo ya Nimia. Mambo yakienda sawa, mlango utafunguliwa kwa wazazi wote. Yasipokwenda sawa, kila mtu alielewa.

Siku hiyo Obdulia alijisugua mikono hadi viwikoni, akavalishwa gauni la hospitali na barakoa, akaingia kwa tembo. Nimia alimwona, akaacha kulia papo hapo. Daktari Maidana, mwanamke kijana aliyekuwa akichoma sindano zile, akamlaza mtoto ubavu. Zunilda akamkunja, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya magoti. Obdulia akapiga goti upande wa uso, akamshika mwanawe viganja. Hakuzimia. Hakupiga kelele. Sindano ikaingia, Nimia akalia kwa uchungu, na Obdulia akafanya alichofanyiwa utotoni na mama yake, ambaye naye alifanyiwa hivyo na mama yake.

Kwetu hakuna mama anayengoja maumivu yaishe ndipo aseme yameisha. Mtoto akichomwa na mwiba, unampapasa na kumwambia imekwisha, imekwisha, na mwiba bado umo mguuni. Ndivyo tulivyolelewa. Basi Obdulia akainamia sikio la Nimia, akamwambia, "Imekwisha, mwanangu. Imekwisha."

Nimia akamwamini. Akanyoosha mgongo ageuke amkumbatie mama yake.

Sindano ikateleza. Daktari Maidana akatoa sauti ndogo, kwenye kichupa yakaonekana maji yenye damu, na Zunilda akasema kwa sauti ya chini, yeye wa kupaza, "Toka." Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Obdulia alisimama tena nyuma ya mlango ule ule akasikiliza mtoto wake akichomwa upya.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Habari ilifika ukumbini kabla yake. Mama mmoja aligeuza kiti chake kuelekea ukutani. Mwingine alisema, si kwa kunong'ona, "Tungempeleka mtu mwenye akili." Rumildo peke yake ndiye aliyemjazia kikombe, na Obdulia akakishika bila kunywa hadi mkono ukafa ganzi kwa baridi.

Nimia alimgeuzia mgongo siku nzima. Alipogeuka, alisema, "Ulisema uongo."

"Nilitaka usiumie."

"Niliumia zaidi."

Obdulia alikaa siku kadhaa kama mtu aliyepigwa rungu, akajiambia labda sista alikuwa na haki, labda kazi ya mzazi kweli ni kukaa nje akisubiri kuitwa. Na hasa wazo hilo la mwisho ndilo lililomwamsha hasira. Alilisikia likipita kichwani mwake, akaona limevaa sauti ya Zunilda, akalitimua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na yeye hata hakuwa amevunja koleo. Alikuwa hajaonyeshwa namna ya kulishika.

Kamati ikaitwa, safari hii chini, kwenye ukumbi. Daktari Rolón alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kutoa pole msibani. Zunilda alisimama, Daktari Maidana kando yake.

"Tumejaribu," alianza mkurugenzi. "Kwa bahati mbaya..."

"Nimekosea," Obdulia alimkatiza. "Mimi, kwa mdomo huu. Nisemwe hapa hapa, mbele ya kila mtu, sitaki kusengenywa. Haya, nimeshasema. Sasa nina swali. Daktari Maidana, sindano yako ya kwanza ya mgongo ulipata?"

Daktari Maidana akaiva uso. "Hapana."

"Na ya pili?"

"Ña Obdulia," akaingilia mkurugenzi, "hilo silo..."

"Namuuliza yeye."

"Na ya pili nilikosa," alisema Daktari Maidana. Sauti yake haikutetemeka, na nilimpenda kwa hilo. "Mtoto alikuwa wa miezi minane. Namkumbuka mpaka leo."

"Walikufungia mlango?"

Daktari Maidana akatikisa kichwa.

"Walikwambia, toka nje, madaktari wote nje, hamna kuingia tena humu? Hawakukwambia. Walikufundisha! Mkikosea ninyi ni kujifunza, nikikosea mimi ni ushahidi. Kwa nini? Huyu mtoto ni wangu. Nitaishi na mgongo wake nyumbani baada ya ninyi wote kustaafu. Sitoki. Nifundisheni."

Watu wakamtazama Zunilda, kwa sababu chumba kilikuwa chake. Yeye akamgeukia Obdulia, mikono kifuani.

"Unajua kwa nini watoto wananiona mkatili?" alisema. "Kwa sababu mimi siwaambii haiumi. Nawaambia inauma. Kila mtu anawadanganya, mama, bibi, daktari, wote, kisha watoto wanakuja kwangu hawamwamini mtu. Ukitaka kuingia chumbani kwangu, hamna kumdanganya mtoto. Hata neno moja. Utaweza?"

"Nitaweza. Na wewe hamna tena 'wamama nje'. Tuna majina."

"Majina mengi hayo."

"Jifunze. Mimi najifunza mgongo, wewe utashindwa na majina?"

Mtu akacheka, kisha wote, hata Zunilda akashindwa kuuzuia mdomo wake. Lakini alikuwa mtu wa neno. Kesho yake aliwakusanya wazazi ndani ya chumba cha tembo, akamwamuru Rumildo apande kitandani awe mtoto. Mwanamume mzima, viatu vya kazi vilivyoganda zege miguuni, akajikunja magoti kidevuni huku akiomba radhi. "Shika hapa, sio koo, utamkaba!" Zunilda alifoka. "Uso wako awe anauona. Unamwambia kinachokuja kabla hakijaja." Obdulia alimkamata Rumildo kwa nguvu za kupasua ng'ombe hadi kijana akalia kweli, na yule mama aliyegeuza kiti chake ukutani ndiye aliyecheka kuliko wote. Wakapokezana mmoja mmoja. Daktari Maidana alikuja pia, akawaonyesha kwa kidole mahali sindano inapopita na kwa nini kunyooka kwa inchi moja tu ni balaa. Aliwaambia kwa Kiguarani, kibovu kidogo, lakini chake.

Siku ya Nimia ikafika. Mtoto hakutaka kumtazama mama yake. Akalazwa, akakunjwa. Obdulia akapiga goti.

"Kwanza baridi ya dawa ya kusafishia," alimwambia. "Halafu itauma. Sitasema haiumi."

Ikauma. Nimia akapiga yowe lile lile la siku ya kwanza, akaminya vidole vya mama yake, akauliza huku akilia, "Imekwisha?"

Neno lilikuja lenyewe hadi kwenye meno. Kila kilichomo ndani ya mwanamke yule kilitaka kulisema. Zunilda alikuwa akimwangalia juu ya barakoa.

"Bado," alisema Obdulia.

"Imekwisha?"

"Bado, mwanangu. Sindano iko mgongoni. Usinyooke."

"Mama mbaya!"

"Ndiyo, mimi mbaya. Kunja magoti."

Nimia akalia kwa nguvu zaidi, akamtukana mama yake tusi la sokoni alilojifunza kwake mwenyewe, na mgongo wake haukusogea hata unywele. Dawa ikaingia yote. Daktari Maidana akasema, "Nimetoa." Obdulia akasema, "Sasa imekwisha." Nimia hakumwamini. Akageuza macho kumtafuta Sista Zunilda, na Zunilda alipoitikia kwa kichwa, ndipo mtoto alipolegea. Hilo lilimuuma Obdulia kuliko tusi, lakini alilimeza. Imani haikopeshwi mara ya pili kirahisi, na yeye ndiye aliyeipoteza.

Alimbeba mwanawe mikononi hadi ukumbini. Wazazi wote walikuwa wamesimama. Walimwona Nimia ameshikilia gauni la mama yake kwa kiganja chote, wakaelewa. Nyuma yake mlango ukabaki wazi. Zunilda akatokea kizingitini, akavuta pumzi kama kawaida yake, na ukumbi wote ukajikaza kwa mazoea.

"Derlis!" alipaza. "Derlis Villalba na baba yake, Rumildo!"

Rumildo alimbeba mtoto, akapiga hatua mbili, akasimama. Aliutazama mlango, akamtazama Obdulia.

"Siwezi, Ña Obdulia. Niwie radhi. Wewe una moyo wa muuza nyama, mimi siwezi."

Obdulia, bado amempakata Nimia, akasogea kando kumpisha.

"Derlis naye hawezi," alimwambia, "na anaingia."